Ukimpeleka mgonjwa kwenye chemchemi

Kabla hujaosha dumu wala kuuliza nauli, nenda kwa mtu mliyekosana naye. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya safari ya maji, na hapa Mkuu, Rombo, sijawahi kumsikia mzee akiiweka ya pili. Bibi yangu alikuwa akisema mgonjwa anayetoka kwenye nyumba ya ndugu wasiosalimiana hawezi kuutua mzigo wake kwenye maji, kwa sababu si wake peke yake. Chuma jani la isale, ulipige fundo, umpelekee huyo mliyegombana. Usiende na hotuba. Isale kwa Mchaga ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wa kaburini na wa kuombana radhi, na aliyeletewa hujua ameombwa nini hata kabla hujafungua mdomo. Kulikataa ni jambo zito, wachache huthubutu. Kama ugomvi wenyewe ni wa shamba, usitegemee uishe siku hiyo. Inatosha mkubaliane kwamba mama ataombewa, na nyote wawili mtakuwapo.

Naandika haya kwa sababu kila Desemba, barabara ya kutoka Himo kwenda Tarakea inapojaa magari ya watoto wanaorudi Rombo, huulizwa swali lilelile. Mtu amefika kutoka Dar au Mwanza, amemkuta baba amekonda, mguu umevimba, na moyo wake unamtuma ampeleke kwenye maji. Mwingine anakumbuka chemchemi iliyo chini ya migomba ya babu yake. Mwingine anataka groto la parokia, mwingine amesikia habari za Chemka, na mwingine ameota Namugongo ya Uganda. Nimewasindikiza wengi. Sitamwambia mtu kwamba maji ya chemchemi yanaondoa kisukari, kwa sababu siamini hivyo. Lakini nimemwona mzee aliyekuwa hasemi na mtu akianza kutaja majina ya watoto wake wote akiwa ameweka mikono kwenye maji baridi, watu wake wamemzunguka. Kwa ajili ya hilo nitaendelea kwenda, na nataka wanaokwenda waende vizuri.

Tuanze na mahali. Chemchemi ya nyumbani ndiyo bora kuliko zote kwa mgonjwa dhaifu, kwa kuwa ni karibu na anaijua. Ila haina maana kwamba ni ya kila mtu. Mlimani kwetu maji yana wenyewe: ukoo uliochimba mfongo, yaani mfereji wa maji, una neno juu ya mfongo huo, na mzee msimamizi wake ndiye wa kuendewa kwanza, kwa kibuyu cha mbege kama mila inashikwa hapo, au kwa salamu za heshima tu kama yeye ni mlokole na hanywi. Zamani mfongo haukufunguliwa bila kumwaga mbege na kuchinja, na mahali pengi wanawake hawakuruhusiwa kulikaribia banio. Wapo wazee wanaoshika jambo hilo mpaka leo. Binti aliyesoma anaweza kukasirika akiambiwa asubiri pale kwenye mti wa mringaringa, nami simlaumu, lakini siku ya kumwombea mama si siku ya kesi hiyo. Ulizeni mapema, mchague mahali ambapo wote wanaotakiwa kuwapo wataweza kufika.

Kama chemchemi iko msituni, kuna jambo la pili. Tangu mwaka 2005 msitu wa mlima umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo njia aliyopita babu yako na mbuzi wake leo ni ya KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji, ueleze mnakwenda wangapi, siku gani na kufanya nini. Usiwashe moto humo. Kiangazi kinapokauka, cheche moja hupanda mlima kwa kasi usiyoweza kuifukuza.

Tena Rombo si Machame. Upande wetu wa mlima hauna neema ya mito kama ule wa kusini na kusini-magharibi, na chemchemi moja huweza kuwa ndiyo ndoo ya kupikia ya kitongoji kizima. Ukienda saa ambazo kina mama na watoto wanapanga foleni ya madumu, mtaomba huku watu wamesimama na hasira kimya. Nendeni katikati ya asubuhi, foleni ikiwa imekwisha na jua limepasha njia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, epukeni: udongo unateleza, maji yanachafuka, na mzee akivunjika nyonga mtakuwa mmeongeza ugonjwa.

Sasa dawa, na hapa naomba unisome polepole.

Mgonjwa aende na vidonge vyake mfukoni, avimeze kwa saa zake, siku ya safari na siku zote baada yake. Wa presha, wa kisukari, wa kifua kikuu aliye katikati ya miezi sita ya tiba, wa ARV, wote. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mti wa mugariga kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, na watu walikuja mpaka kutoka nje ya nchi. Foleni ya magari ikawa ndefu hata yeye mwenyewe akaomba watu wasitishe kuja kwa muda. Wapo waliofia njiani kwa sababu walitolewa wodini wakiwa mahututi, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamekwisha kupona. Somo nililolipata mimi halihusu kikombe. Linahusu sisi tunaosindikiza, tunaofurahi mgonjwa anaposema anajisikia vizuri, tukasahau kumuuliza kama amemeza vidonge.

Nilijifunza kwa machozi. Miaka kadhaa baadaye shangazi yangu mwenye kisukari alikwenda na kikundi cha sala kwenye chemchemi moja, mimi nikiwa mmoja wa wasindikizaji. Tulikubaliana kufunga mpaka saa tisa alasiri, naye akafunga pamoja nasi ilhali amechoma insulini asubuhi. Saa sita jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Baadhi yetu walidhani ni roho. Ilikuwa sukari imeshuka. Mama mmoja muuza ndizi alimpa soda na kipande cha muwa, akarudi duniani. Tangu siku hiyo nina sheria: mgonjwa hafungi. Tunaofunga ni sisi wazima, na ndani ya kikapu kuna sukari au asali, chupa ya uji na namba ya dereva wa bodaboda anayejua njia ya Hospitali ya Huruma.

Pia usimwoshe mtu kidonda kwa maji ya chemchemi, hasa kidonda cha mguu cha mwenye kisukari. Mguu huo hausikii maumivu, jiwe humkata bila yeye kujua, na wiki mbili baadaye mnazungumza habari za kukata kidole. Mfungie kidonda kwa bandeji safi, mwachie viatu, umloweshe mikono na paji la uso. Hapungukiwi chochote.

Na kunywa? Maji ya juu kwenye chimbuko huonekana safi kama kioo, na mara nyingi ni matamu kuliko ya bomba, lakini ng'ombe wamepita hapo usiku na choo cha jirani kiko kilima cha juu. Tekeni, mkayachemshe nyumbani mpaka yatokote. Huku milimani yaacheni yaendelee kutokota dakika 3, kisha mumpe mgonjwa kikombe chake. Sijasikia Mungu aliyekataa maji kwa kuwa yamepitia sufuriani.

Kuna jambo moja ambalo kuchemsha hakulisaidii, nalo ni floraidi. Kwenye ukanda wa tambarare kati ya Meru na Kilimanjaro, miamba ya volkano huyapa maji floraidi nyingi, ndiyo maana unakutana na watu wazima wenye meno ya kahawia ambao hawajawahi kuvuta hata sigara moja. Maji yakichemka hupungua, floraidi hubaki palepale, basi huzidi kuwa nzito. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi huko Ngurdoto, na mojawapo ya njia zinazojulikana ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Kwa hiyo mtu akileta dumu la maji kutoka chemchemi ya bondeni asiyoijua, tumieni kunawia. Watoto wadogo, ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika, msiwanyweshe kila siku kwa kisingizio cha baraka.

Chemka, yaani Kikuletwa, wilayani Hai, ni mfano mzuri wa chemchemi ya bondeni. Maji yanafoka chini ya mizizi ya mikuyu, ya bluu, yenye uvuguvugu tu ingawa wengi huyaita maji moto. Mahali pazuri mno, lakini Jumamosi na Jumapili pana muziki, nyama choma na vijana wanaobembea kwa kamba. Ukitaka utulivu, nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Asiyejua kuogelea akae ukingoni, maana kina kinashuka ghafla na mkondo una nguvu. Ziwa Chala, hapa kwetu mpakani na Kenya, mimi sishauri mgonjwa kabisa. Kingo za kreta zimesimama wima, kupanda ni kazi ya mtu mzima mwenye mapafu mazuri, na ziwa lina historia ya mamba: mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa humo akiogelea usiku. Mkitaka kuliona, kaeni juu mlitazame. Kulitazama tu kunatosha kumnyamazisha mtu.

Nimetaja mahali pa utulivu kwa makusudi. Umati ni hatari ambayo watu wa sala hawapendi kuizungumzia. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi mjini, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa mama zetu na watoto wao. Waliamka asubuhi ile wakiwa na matumaini yaleyale aliyo nayo mgonjwa wako. Basi popote penye watu wengi, iwe kanisani, uwanjani au kwenye bomba la maji ya baraka, fanyeni hivi: mgonjwa akae pembeni, karibu na njia ya kutokea ambayo si ile ya kuingilia, awe na mtu mmoja asiyemwacha hata kwa dakika. Mtu mwingine mwenye nguvu ndiye aende kuchukua maji na kumletea. Likitangazwa jambo la kuwakimbiza watu mbele, ninyi simameni. Mkianza kubanwa kifuani, ondokeni wakati huohuo, kiulalo kuelekea ukingoni, msisubiri amina.

Na anayeuza maji, muulize. Maji ya chemchemi hayana bei. Akikupa na mizizi ya kuchemshia, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwani sheria ya mwaka 2002 inamtaka asajiliwe. Akikuambia mgonjwa aache dawa za hospitali ndipo ya kwake ifanye kazi, mshukuru, ushike mkono wa mgonjwa wako, mwondoke.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi huniuliza hasa Subukia na Namugongo. Subukia, kaunti ya Nakuru, ni kituo cha hija cha taifa cha Bikira Maria nchini Kenya, na huko juu kilimani kuna chemchemi ambayo mahujaji huteka maji yake. Siku kubwa ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Namugongo ni habari nyingine kabisa. Pale, 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao 23 na mahali pao pa kumbukumbu, si mbali na pale. Upande wa Wakatoliki kuna ziwa dogo, upande wa Waanglikana kuna kisima, na kote watu huteka. Ikiwa mgonjwa wako hawezi kusimama saa nzima, msiende Juni 3. Nendeni Septemba au Januari, mtaipata Namugongo ikiwa na ndege na masista tu, mkae mpaka mchoke.

Maandalizi ya safari hiyo yaanze mwezi mmoja kabla. Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na kadi yake muitunze, kwani siku hizi inafaa maisha yote. Kutoka Mkuu wengine huvukia Holili, wengine Namanga. Muulizeni dereva wapi mgonjwa atapata choo na mahali pa kunyoosha miguu kila baada ya saa mbili, maana kukaa kwenye basi siku nzima huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari, zisiwekwe kwenye buti. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani: Kenya waliipiga marufuku mwaka 2017, sisi 1 Juni 2019.

Turudi kwenye chemchemi yenyewe, siku yenyewe. Watu saba au wanane wanatosha. Mkubwa kwa umri ndiye anayeanza, awe Meku, mzee wa ukoo, au katekista. Wazee wetu waliomba wakiuelekea mlima, na hapa Mkuu Mawenzi ndiyo inayotutazama; anayeona vibaya kufanya hivyo aelekee anakotaka. Nimesali na Walutheri, Wakatoliki na jirani zangu Waislamu, wanaojua habari ya maji ya baraka kuliko sisi, maana kila hujaji hurudi na Zamzam na kuigawa kwa vikombe vidogo vidogo ili kila mtu apate. Nimependa adabu hiyo nikaichukua. Maji ya kwanza yakitekwa kwa kata, hayaendi kwa mgonjwa peke yake. Yanazunguka, kila mmoja ananawa, mgonjwa wa mwisho, naye hukaa nayo mikononi muda anaoutaka.

Mpeni nafasi ya kusema. Wagonjwa wetu husemewa kila kitu: wameze nini, walale wapi, nani awe na funguo zao. Kwenye maji tunanyamaza, yeye ndiye mwenye neno. Mwingine atamwomba mtu msamaha. Mwingine atasema anataka azikwe wapi, na mtasikia vibaya, lakini sikieni tu, msimkatize kwa kumwambia atapona.

Adabu nyingine nimeiazima kwa wageni. Mapadre Waayalandi wa Shirika la Roho Mtakatifu walifanya kazi miaka mingi mlimani kwetu, na mmoja wao, Joseph Byrne, aliongoza kanisa la Kilimanjaro tangu 1932 hadi 1959, kwanza vikarieti, kisha Jimbo la Moshi. Kwao Ayalandi kuna visima vitakatifu vinavyokadiriwa kufika 3,000. Mahujaji huzunguka kisima kwa kufuata mwendo wa jua, sala zikihesabiwa kwa vijiwe, kisha hufunga kitambaa kwenye mti ulio karibu, wakiamini kitambaa kikioza ugonjwa nao utakwisha. Hesabu ya vijiwe nimeiazima, inamfaa sana mzee anayesahau amefikia wapi kwenye rozari. Kitambaa ndicho tatizo: siku hizi watu hufunga nailoni, haiozi, inakaba matawi ya mti. Sisi tuna isale. Jani likifungwa fundo na kuachwa pale litarudi udongoni lenyewe, kwa hiyo acheni hilo, msiache ushanga, mshumaa wa kikopo wala chupa ya plastiki yenye karatasi ya maombi.

Sabuni haifiki kwenye maji kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na mkikuta mtu amelima nyanya mpaka mdomoni mwa chemchemi, mjulisheni mwenyekiti au Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi yao iko Moshi. Wanaoweza wabebe mche. Mringaringa, mkuyu, mti wowote wa asili ya hapa, msilete mkaratusi, unafyonza maji. Apande mjukuu, mgonjwa ashike shina wakati udongo unafukiwa, na mtoto wa jirani aliye karibu apewe kazi ya kuumwagilia mpaka vuli.

Kadi ya kliniki iangalieni jioni hiyohiyo, muone tarehe ijayo ni lini na nani atakuwapo Mkuu kumpeleka, maana wengi mnaondoka tarehe 2 Januari. Maji mliyobeba yachemsheni, yapoe, muyaweke kwenye chupa ndogo ndogo. Ya kwanza mpeni mgonjwa. Ya pili mpelekee yule uliyempelekea isale.